Pori Hili Nani Kalipanda?

Nilikaa juu ya jiwe nipumzike, mwenyeji wangu akaniomba kwa upole niinuke. "Hapo umekalia ukuta wa shamba la mtu," alisema.

Nikaangalia chini. Ukuta sikuuona, shamba sikuliona. Palikuwa na mawe kama mawe yoyote ya nyika, vichaka vya miba, mavi ya mbuzi, na vumbi laini kama unga lililokwisha kuingia mpaka ndani ya soksi. Akainama, akafuata kwa fimbo yake mstari ambao nilikuwa nimeuruka mara tatu bila kujua: jiwe, jiwe, jiwe, kisha kona, kisha mawe tena, hadi mstari ukakutana na mwenzake na kufanya mraba. Kuanzia hapo macho yangu hayakutulia. Miraba ilikuwa kila mahali, mamia kwa mamia, imeteremka kutoka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa hadi uwanda ulipopotelea kwenye ukungu wa joto.

Hapa ni Engaruka, wilaya ya Monduli, ukiacha Mto wa Mbu na kushika njia ya kwenda Ziwa Natron. Nilikuwa nimejipa wiki mbili na begi moja kutoka hapa hadi Shinyanga kupitia Kondoa, kwa basi, kwa Noah na kwa bodaboda. Ukiniuliza nilikuwa natafuta nini, jibu langu la siku ile lilikuwa la kununa tu: maneno "mazingira ya asili" yalikuwa yamenichosha. Tunayatamka kana kwamba kuna ua, huku wakae watu na kule ikae miti. Nilitaka kwenda mahali ambapo ua huo haupo, nione kuna nini badala yake.

Engaruka waliishi wakulima kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi. Walijenga vijiji vyao juu ya mteremko, nyumba zikikaa kwenye vikuta vya mawe, na chini yake wakafungua mashamba yapatayo hekta 2,000 katika nchi ambayo mvua yake haitoshi kukuza mtama. Maji waliyatoa kwenye vijito vinavyoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakayapitisha kwenye mifereji iliyopangwa mawe. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipofika mwaka 1935 aliona mabaki hayo akakadiria watu makumi ya maelfu. Waliokuja baadaye walipunguza, wakabaki na maelfu kadhaa, maana si kila kijumba kilikaliwa wakati mmoja. Kwa nini waliondoka, kila mtu ana lake. Vijito vilipungua, udongo ulichoka, wafugaji walisogea. Huenda yote hayo yalikuja pamoja, kama shida zinavyopenda kuja.

Kitu kimoja kilinikaa kichwani kuliko mengine yote. Waliochimba pale wamegundua kwamba baadhi ya mashamba yale hayakulimwa juu ya ardhi iliyokuwepo. Ardhi yenyewe ilitengenezwa. Wakulima walipanga vikuta vya mawe kukatiza njia ya mafuriko, maji yakapunguza mbio, udongo ukatua. Mwaka uliofuata wakaongeza mstari wa mawe, udongo ukatua tena. Mahali pengine udongo uliotegwa hivyo unazidi kina cha kiuno. Yaani kule juu mlimani udongo ulikuwa unasombwa, na huku chini kulikuwa na watu waliokaa kuusubiri kama wavuvi.

Nilimwuliza mwenyeji wangu, kijana wa Kimasai mwenye shuka jekundu na simu mbili, wao wanasema nini kuhusu waliojenga. Akanyanyua mabega. "Sisi tulikuta hivi hivi. Wengine wanasema Wasonjo, wengine Wairaqw. Mbuzi wanapenda hapa kwa sababu mawe yanashika unyevu, majani yanachelewa kukauka." Alisema kama jambo dogo. Mimi nikaandika kwenye daftari: mkulima aliyekufa miaka mia tatu iliyopita bado analisha mbuzi.

Nililala Engaruka Juu, ambako mto ungali unatiririka na watu wangali wanalima kwa mifereji: mahindi, maharage, migomba. Saa nne usiku nikasikia nyayo na kuona tochi zinapita dirishani. Nikadhani mwizi kaingia. Kumbe ilikuwa zamu ya maji. Nikavaa viatu, nikawafuata. Kwenye mgawanyiko wa mfereji alikuwa amekaa mzee amejifunika blanketi, jembe likiwa magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka mbali kote huko kuja kuangalia maji?"

Nikamwambia ndiyo, akacheka. Kazi yake usiku ule ilikuwa kuhakikisha kwamba saa ya mtu ikiisha, tope la kuziba linahamishwa kutoka mlango huu kwenda mlango ule, na kwamba hakuna anayerudi gizani kulitoboa. "Maji hayajui ndugu," alisema, "ndiyo maana tumeyawekea mtu." Nikafikiria hilo njia nzima ya kurudi kulala. Mahali penye maji mengi hapahitaji mzee wa kukaa na jembe usiku. Mto ulipokuwa mdogo, ukazaa cheo, ukazaa zamu, ukazaa faini na kikao cha kusikiliza waliogombana. Ukienda na daftari lako kuandika habari za mto ule, utajikuta unaandika katiba.

Asubuhi nikarudi Mto wa Mbu, nikapanda gari hadi Makuyuni, kisha basi la kushuka Babati. Sehemu hii ya njia huwa watu wanailala. Mimi nilikaa dirishani. Minjingu ilipita upande wa kulia na vumbi lake jeupe. Pale huchimbwa fosfati ya mbolea, nayo fosfati hiyo asili yake ni kinyesi na mabaki ya ndege waliotaga na kufa kando ya Ziwa Manyara zama ambazo ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo sasa. Ndege wamekula samaki, ziwa limerudi nyuma, mkulima wa mahindi anamwaga matokeo yake shambani. Sijui kama yupo anayelikumbuka hilo akifungua mfuko.

Karibu na Kwakuchinja, ambako wanyama huvuka kati ya Tarangire na Manyara, jirani yangu wa kiti, mama mmoja mwenye ndoo ya mbegu za alizeti, alifunga dirisha kwa nguvu. "Ndorobo," alisema, yaani mbung'o. Nikaona ni fursa. Nikamwuliza kama anajua ndorobo walitoka wapi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa mvua inatoka wapi. "Si wa porini?"

Ni wa porini, kweli. Lakini pori lenyewe lina historia, na historia hiyo inaanza na ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1880 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika kupitia kaskazini mashariki, kwa ng'ombe walioletwa na meli. Kufikia 1891 ulikuwa umeshafika huku. Sehemu nyingi, katika kila ng'ombe kumi walikufa tisa. Ndui ikafuata, njaa ikafuata. Wamasai wanakiita kipindi kile Emutai, maangamizi. Nchi ikabaki na nyasi zisizo na mlaji, na watu waliosalia hawakutosha kuchoma moto kwa wakati wake wala kukata vichaka kuzunguka maboma. Ndani ya miaka michache vichaka vikafunga njia. Wanyamapori, ambao baadhi yao pia waliuawa na sotoka, wakaongezeka upya kabla ya mifugo. Na mbung'o, au ndorobo kama tunavyomwita wengi, huhitaji vitu viwili tu: kivuli cha kichaka na damu ya kunyonya. Akapata vyote. Kuanzia hapo aliyetaka kurudi na ng'ombe wake alikutana na nagana, ugonjwa wa mifugo anaoueneza mbung'o, na yeye mwenyewe akakutana na malale, ugonjwa wa usingizi.

Wazungu waliokuja kutawala walikuta nchi hiyo iko hivyo. Wengi wao waliandika kwamba wameona Afrika kama Mungu alivyoiumba. Walikuwa wameona makaburi yaliyoota miti. Sehemu kubwa ya mapori yetu ya akiba na baadhi ya hifadhi ziliwekwa katika nchi ambayo mbung'o alikuwa ameshaifukuzia watu. Nilimweleza mama wa alizeti kwa kifupi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo huyu mdudu ndiye askari wa hifadhi." Sijasikia maelezo bora zaidi ya hayo, na sitajaribu kuyaboresha. Sotoka yenyewe, kwa taarifa yako, ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011. Vichaka vyake bado vipo.

Kutoka Babati lami hupanda Bereko, hewa ikawa baridi ghafla, na kuanzia hapo uko Irangi, nchi ya Warangi. Nilishuka Kolo kuona michoro ya kwenye miamba, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kuna wanyama warefu wa rangi nyekundu na watu wembamba wenye vichwa vya ajabu, nami nilikuwa nimetayarisha maswali mengi kuhusu umri wao. Lakini aliyenipeleka alitaka kunionyesha zaidi mahali ambapo wazee huja kutoa sadaka za mvua hadi leo. Mwamba mmoja, picha za wawindaji wa kale, sadaka ya wakulima wa leo wanaoomba mawingu. Nilikaa pale nusu saa. Mawingu yalipita bila kusimama.

Kondoa ndiyo sababu kuu ya safari yangu, kwa hiyo nivumilie nikichelewa.

Nilifika kijiji kimoja upande wa Haubi kwa bodaboda, dereva akishika breki kila baada ya hatua chache, kwa sababu njia hukatwa na makorongo. Neno korongo tunalitumia ovyo, kwa mtaro wowote. La huku ni jambo jingine. Unatembea shambani, kisha ardhi inaisha. Mbele yako ni shimo lenye kuta nyekundu zilizosimama wima, juu yake mti umening'inia mizizi nje, na chini kabisa kuna mchanga mweupe uliotandazwa kama mkeka. Mito ya huku ni mipana kuliko inavyostahili, na sehemu kubwa ya mwaka hubeba mchanga tu.

Ukisoma ripoti za zamani utadhani Warangi na ng'ombe wao waliiharibu nchi hii ndani ya vizazi viwili. Watafiti waliochimba matabaka ya udongo wamekuta habari ndefu zaidi: miteremko hii ilianza kumomonyoka maelfu ya miaka iliyopita, kabla hata ya mkulima, na binadamu alipokuja na moto, majembe na tanuru za kuyeyusha chuma akaongeza kasi. Karne ya 19 misafara ya biashara ilipita Irangi kununua chakula, na chakula hicho kilitoka kwenye miteremko hii. Kisha mbung'o akawazunguka. Nyanda za chini zilijaa vichaka, watu na mifugo wakabanana juu kwenye vilima ambako mdudu hakufika. Miaka ya 1920 Waingereza wakahimiza kufyeka vichaka ili kumrudisha nyuma, na baadaye walipoona makorongo wakawalazimisha watu wale wale kuchimba makingamaji. Kwanza kata, halafu ziba. Kama ungekuwa wewe ndiye mwenye jembe, ungekuwa umeshawachoka.

Mwaka 1973 ukaanza mradi wa serikali ulioitwa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa fedha za Sweden. Walipanda miti, walichimba makingamaji kwa matrekta, na mwaka 1979 wakachukua hatua ambayo sijui kama imefanyika pengine kwa ukubwa ule. Walitoa mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Yote.

Bibi aliyenikaribisha alikuwa na watoto wawili mwaka huo. Nilimkuta anapepeta uwele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kaa hapo kwenye kivuli, jua la huku halina adabu."

Nilimwuliza kuhusu mwaka ng'ombe walipoondoka. Aliendelea kupepeta kwa muda bila kujibu, nikafikiri nimekosea. Kisha akasema walitajiwa siku, na siku ikafika. Shemeji yake alichukua ng'ombe wa familia akashuka nao Kiteto. Walikubaliana ni kwa muda. "Akaoa huko, akazaa huko, akazikwa huko. Ng'ombe wakawa wa huko." Mtoto wake wa tatu alizaliwa mwaka uliofuata. "Huyo ndiye hakuonja maziwa. Wakubwa zake wote walikunywa. Hata leo wakimtania wanamwita mtoto wa HADO."

Akanyoosha ungo kuelekea mteremko wa pili. "Lakini yale majani unayaona?"

Niliyaona. Mlima mzima ulikuwa umefunikwa, nyasi hadi magotini, vichaka, miti michanga. Alisema mwaka ule wa kwanza hakuamini. Mvua ilinyesha na maji ya mtoni yakaja taratibu, na rangi yake haikuwa ile ya damu. Nilitafuta kwenye sauti yake kama anashukuru au analalamika. Sikupata. Alikuwa anasema yote mawili kwa pumzi moja, na nafikiri hiyo ndiyo taarifa sahihi kuliko yoyote niliyosoma kuhusu mradi ule. Wataalamu walipiga picha kabla na baada, na picha zinapendeza. Ila ng'ombe hawakuyeyuka. Walishuka Kiteto, wakaenda Hanang na kwingineko, wakakanyaga nyasi za watu wengine, na ugomvi wa wakulima na wafugaji unaosikia kutoka baadhi ya pande hizo una mizizi mingi, mmojawapo umeanzia kwenye vilima hivi vya kijani. Dawa ya ardhi huwa na mtu anayeinywa kwa niaba ya mwingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakaruhusiwa kufuga tena, ng'ombe wachache wa maziwa, wa kufungiwa zizini na kukatiwa majani. Bibi ana mmoja. Ana banda safi kuliko vyumba kadhaa nilivyolala safarini, na kwenye ukingo wa kila kingamaji amepanda mabingobingo. Samadi inakwenda shambani kwa toroli. Nilikumbuka Engaruka, ambako wachimbuaji wanaamini baadhi ya ng'ombe walifungiwa kwenye mazizi ya mawe na samadi yao ikapelekwa mashambani. Nilimsimulia. Akauliza, "Nao walikatazwa na serikali?"

Mjukuu wake alinishusha mtoni kabla jua halijazama. Pembeni mwa ule mchanga mweupe, uliokuwa shamba la mtu kule juu, vijana wamelima matuta ya viazi vitamu na miwa. Mchanga ule kwa chini una unyevu hata kiangazi, na wanaojua wanasema siku hizi bustani za mchangani zinaleta pesa kuliko mashamba ya mlimani. Nikauliza wenye mashamba ya juu wanasemaje. Kijana akacheka. "Tunawaambia asante kwa udongo."

Kutoka Kondoa nilirudi Babati na kushika njia ya Singida. Basi liliharibika kabla ya Katesh, tukasimama saa tatu chini ya mlima Hanang, wote tukiutazama bila kusema. Desemba 2023 mvua kubwa ilibomoa sehemu ya mteremko ule, matope na mawe yakashuka mjini na kuua watu zaidi ya 80. Abiria mmoja alinionyesha mstari wa matope kwenye ukuta wa nyumba ambayo haijarekebishwa. Upande wa pili, kuelekea Basotu, ni yale mashamba makubwa ya ngano yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, katika nchi ya malisho ya Wabarabaig. Ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ile yenye nyasi bora. Ningetaka kwenda, lakini fundi alimaliza, na dereva si mtu wa kusubiri udadisi. Singida nililala tu. Nzega nilikula tu.

Shinyanga niliingia jioni. Kwa miaka mingi nilipokuwa nikisikia jina lake, nilikuwa naona kichwani nchi tupu, ng'ombe mwembamba na upepo. Sikuizua picha hiyo mwenyewe. Mwalimu Nyerere aliwahi kuiita jangwa la Tanzania. Kumbe asubuhi yake, kwenye daladala ya kutoka mjini, niliona migunga imesimama makundi makundi hadi upeo, kila kundi na mpaka wake ulionyooka kama umekatwa kwa kisu. Hizo ni ngitili.

Mzee aliyenipokea ana zaidi ya miaka sabini na anatembea haraka kuliko mimi. Nilimwamkia kwa Kisukuma kibovu, "Mwangaluka," akaitikia, kisha akanirehemu kwa kuhamia Kiswahili. Alianza na udongo, kama Wasukuma wengi wanavyofanya. Hapa ni luseni, mchanga mwepesi, panda karanga. Pale chini ni ibambasi, ngumu kama sakafu. Kule kabisa ni mbuga, nyeusi, ikilowa gari lako litalala huko. Kila jina linabeba maagizo ndani yake: pa kujenga, pa kulima, pa kuchungia.

Ngitili nayo ni agizo. Mvua zinapoanza, familia hutenga kipande cha ardhi, ng'ombe wasiingie. Nyasi hukua, hukomaa, hukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kikali kinapofika na malisho yote yamekwisha, ndipo hufunguliwa kidogo kidogo. Ni akiba ya nyasi, kama wengine wanavyoweka debe la mahindi darini. Utaratibu huo ulikuwepo kabla ya mtaalamu yeyote, kisha ukakatika mara kadhaa.

Mara ya kwanza, mzee alisema, ni wakati wa baba yake. Mbung'o walikuwa wamejaa, na serikali ya Waingereza ikaweka hapa Shinyanga makao ya utafiti wa mdudu huyo chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Tangu miaka ya 1920 watu walikusanywa maelfu kwa maelfu kwenda kufyeka misitu, kata baada ya kata. Ilifaulu. Mbung'o aliondoka, ng'ombe wakaingia, pamba ikaingia, na kuni zikaanza kutafutwa mbali. Mara ya pili ni miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini. "Ngitili ilibaki kule, sisi tuko huku. Nani atailinda? Wakaingiza ng'ombe, wakakata, basi."

Mwaka 1986 ukaanzishwa mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Ulianza kama miradi mingi, kwa vitalu vya miche na miti ya kigeni, na mzee ana vichekesho vingi kuhusu miche iliyoliwa na mchwa. Baadaye wenye mradi walifanya jambo ambalo ni adimu kwa wenye miradi: walinyamaza, wakawauliza wazee. Wazee wakasema ngitili. Ngitili zilizohesabiwa mwanzoni zilikuwa kama hekta 600. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizidi hekta 300,000. Miti mingi haikupandwa na mtu.

"Njoo nikuonyeshe," akasema. Alinipeleka kwenye mgunga wenye mashina matano yaliyotoka mahali pamoja. Akafukua kwa kisigino mpaka kikaonekana kisiki kipana, cheusi, kilichooza katikati. "Huu alikata baba. Alikuwa kijana, alikuja na shoka lake, wakapewa mpaka wa kufyeka. Aliniambia mwenyewe. Alikata hapa hadi kule kwenye jiwe." Akapangusa mikono. "Haukufa. Ulikuwa unasubiri ng'ombe waache kula chipukizi zake."

Nikamwuliza inakuwaje sasa ng'ombe wanaacha. Akasema hawaachi. Anayezuia ni dagashida, mkutano wa wote, unaopanga siku ya kufunga na ya kufungua, na sungusungu wanaofuata nyayo. Mwenye ng'ombe analipa, hata awe diwani. Kwa vijana siku hizi ni kazi, alikiri. Mkaa una soko, shamba halitoshi kugawana, na mjukuu wake mkubwa haulizi ngitili ina nyasi kiasi gani, anauliza ina magunia mangapi.

Tulikuwa bado tumesimama pale kwenye mgunga tuliposikia njuga. Zilitoka upande wa ndani wa ngitili, na ilikuwa bado miezi ya kufunga. Mzee akainua kichwa, akasikiliza, uso ukabadilika kidogo. Kila mfugaji anaijua sauti ya njuga zake, na nadhani za ndugu zake pia.

"Ni wa mwanangu," alisema.

Sikujua niseme nini. Nikauliza kama atamsamehe. Alikuwa ameshaokota fimbo na kuanza kutembea kuelekea sauti ilikotoka. "Kesho atasimama mbele ya watu, alipe," alisema bila kugeuka. "Wewe nenda pale mlangoni, ushike lile tawi la miba. Nikipiga mluzi, livute."

Nikaenda. Nikalishika kwa mikono miwili, likanichoma, nikangoja mluzi, nisijue hasa kama nilikuwa nawafungia ng'ombe ndani au nje.